Asubuhi Iliyohifadhiwa Mara Moja

Siku ya Wazazi katika Shule ya Bweni Ikang'ombe huendeshwa kwa heshima zote za mazishi ya kiserikali. Mabweni hupigwa deki mpaka mende wanateleza. Maharage hupewa likizo. Madam Kyando, mkuu wa shule, huvaa gauni lake la zambarau, ambalo wanafunzi wanaamini linaweza kusimama lenyewe bila mtu ndani. Halafu basi la umeme lisilo na dereva hupanda mlima likiguna, na kumwaga getini wazazi waliokumbatia mahotipoti kama watoto wachanga.

Tuponile Sanga wa kidato cha tatu hakuwa na mgeni. Baba yake alikuwa machimboni, mama yake alifariki mwaka juzi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji pamoja na rafiki yake Ezibon Luvanda, naye asiye na mgeni, wakifanya kazi ambayo wasio na wageni hufanya siku hiyo, yaani kusalimia wazazi wa watu kwa adabu iliyopitiliza hadi wapewe paja la kuku.

"Yule wa kitenge cha kijani," Ezibon alinong'ona. "Hotipoti yake ni ya ghorofa mbili."

"Tulia. Kwanza amwone mwanawe. Mzazi aliyekwishamwona mwanawe huwa mkarimu."

Yule mama wa kitenge cha kijani alikuwa anamwita mwanawe. Upande wa pili wa kamba iliyotenganisha wageni na wanafunzi walisimama watoto wa kidato cha kwanza, wale ambao shule nzima huwaita njuka, wakiwa wamechomekea mashati. Njuka mmoja mwenye masikio makubwa alitoka mstarini, akamwendea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Lusajo wangu. Umekonda, jamani. Njoo."

"Samahani," Lusajo alisema. "Unamtafuta nani? Nikusaidie kumwita."

Ezibon alicheka puani. "Njuka wa mwaka huu wana dharau."

Lakini mtoto hakuwa na sura ya dharau. Alikuwa na sura ya mtoto aliyetumwa kuwa mwema kwa wageni. Mama yake akapiga magoti, akamshika mashavu. "Lusajo, ni mimi."

"Naona. Ila mama yangu mimi ana kovu la mafuta kwenye kidole gumba." Akageuka, akatazama getini. "Amechelewa kidogo."

Kicheko cha Ezibon kilikufa taratibu, kwa sababu sasa alikuwa ameona wengine. Kandokando ya kamba yote wazazi walikuwa wanaita, na watoto walikuwa wanaitika, wanasalimia, wanapokea hotipoti kwa mikono miwili, wanashukuru. Kisha kila mmoja alisimama na hotipoti yake na kuangalia getini juu ya bega la mzazi wake. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanasubiri kwa utulivu, kidato kizima, mtu mmoja.

"Atakuja," njuka mwingine alimwambia baba aliyekuwa akimtikisa mabega. "Labda anamfukuza kwanza yule kuku mwekundu dirishani."

Tuponile alisimama. Alihisi baridi kwenye meno. Kuku mwekundu yule alikuwa anamfahamu. Alikuwa kuku wa kwao.

*

Mwalimu Chengula, mwalimu wa mitambo, alikuwa ndani ya chumba chake pamoja na ghala la kumbukumbu za shule. Ghala lilikuwa kabati jeusi refu kuliko mlango, linalonguruma kama paka aliyeshiba. Alikuwa amevaa makoti mawili, kwa sababu chumba kilipozwa zaidi ya mlima wenyewe, na mlima wenyewe ulikuwa na baridi ya kutosha kuharibu tabia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kama umekuja kuniuzia tena tiketi ya tamasha ambalo halipo, leo sina nafasi."

"Mama wa njuka wote ni mama yangu."

 Mwalimu Chengula alikuwa amefundishwa na miaka mingi kusubiri sehemu ya utani ifike. Haikufika.

"Kaa," alisema. "Eleza."

Akaeleza. Pale Ikang'ombe kila njuka, jioni ya kwanza, hukabidhi nyumbani. Anakaa mbele ya kioo, anavalishwa utepe kichwani, anasimulia asubuhi moja ya kwao. Utepe hausikilizi maneno tu. Huchota kila kilichomo kichwani wakati mtu anaongea, harufu na sauti na uso, na kukiweka kwenye dawati lake pepe pamoja na masomo yake. Kichwani hubaki njia tu ya kukifikia. Ndivyo shule zote za bweni zinavyofanya siku hizi: mtoto hatoroki, analala, anakariri. Akitaka nyumbani anafungua dawati.

Nayo desturi, ambayo haimo katika sheria yoyote lakini inaheshimiwa kuliko sheria, ni kwamba kidato cha tatu huwatisha njuka kabla ya jioni hiyo. Tuponile alikuwa amepewa heshima ya kutisha. Alivaa tai ya kuazima, akawapanga njuka nyuma ya jiko, akawatangazia kwa sauti ya redio kwamba serikali inapokea asubuhi moja tu, Asubuhi Iliyoidhinishwa, na atakayekosea neno lake atarudishwa kwao kwa basi lile lile. Kisha akawasomesha. Mama anakaanga maandazi. Mafuta yanamrukia kidole gumba. Kuku mwekundu amekaa dirishani. Mama anaimba wimbo wa kwaya na kukosea maneno makusudi ili nicheke.

"Ungeweza kubuni asubuhi yoyote," Mwalimu Chengula alisema.

"Ningeweza. Nilikuwa na uvivu, nikatumia yangu."

"Wakakariri."

"Kama wimbo wa taifa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa koti la ndani. "Zamani kila mwanafunzi alikuwa na kisanduku chake," alisema. "Kila mtu na uongo wake chini ya kitanda chake. Hakuna aliyeumia."

Visanduku. Vilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kimoja kwa kila mwanafunzi, na dawati la mtu lilikaa humo peke yake. Lilifunguka haraka hata asubuhi ya Jumatatu, baada ya paredi, shule nzima inapovaa tepe kwa mpigo mmoja. Ila vilikuwa na tabia moja mbaya: vilikufa. Masika yaliyopita unyevu uliingia bweni la wavulana, na kisanduku cha Ezibon kikazimika na kidato cha kwanza chote ndani yake. Alirudia mwaka mzima wa masomo usiku na likizo, na mpaka leo kuna watu wanaodai ni marafiki zake ambao yeye hawakumbuki. Baada ya hapo bodi iliamua. Visanduku vikakusanywa. Likaja ghala, la shule nzima, ambalo halifi.

"Unajua linavyobana nafasi?" Mwalimu Chengula aliuliza, akiligonga kabati kidogo, kama mtu anayemgonga ng'ombe asiyemwamini. "Nyote mna kitabu kile kile cha historia. Halina haja ya kukiweka mara mia tano. Linakiweka mara moja na kumpa kila mtu njia ya kukifikia. Chochote kinachofanana hukaa mara moja. Ni akili nzuri sana, kwa vitabu."

"Na njuka walisema maneno yale yale."

"Kwa mpangilio ule ule. Ghala likakuta asubuhi moja kwenye madawati ya kidato kizima, na kwenye dawati lako. Likachagua iliyojaa kuliko zote. Zao zilikuwa maneno ya kukariri. Yako ilikuwa na moshi ndani yake."

"Lakini walipokuwa wanakariri walikuwa wanawaza mama zao. Lazima walikuwa wanawaza."

"Waliwaza. Na mama zao wakachotwa chini ya maneno yako. Ghala limewahesabu kuwa mabaki. Tofauti ndogo ndogo." Akarudisha miwani. "Mabaki hufagiwa mara moja kwa mwaka, shule nzima inapofungua madawati kwa pamoja, ili kupata nafasi."

"Kesho baada ya paredi."

"Kesho baada ya paredi."

*

Madam Kyando alikuja mwenyewe, na gauni. Nje, sauti za wazazi zilikuwa zimepanda. Alifunga mlango nyuma yake lakini kitasa, kama vitasa vyote vya Ikang'ombe, hakikushika.

Alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Tuponile alisubiri adhabu. Kichwani alikwisha kujipangia kufyeka uwanja mzima. Badala yake mkuu wa shule alivuta kiti, akakaa karibu naye, na hilo lilimtisha zaidi.

"Tangu nianze kufundisha," Madam alisema, "kidato cha kwanza hulia. Hulia mwezi mzima. Wengine huugua, na kuna mwaka ambao mmoja aliruka ukuta na akavunjika nyonga. Hawa hawalii. Umeona? Hawapigani. Hawaibiani sukari. Mmoja akianguka, mwenzake anamwinua kama waliozaliwa tumbo moja."

"Madam, hawawajui mama zao."

"Wazazi watazoea. Watoto nao watafundishwa majina. Mtoto anaweza kumheshimu mtu bila kumkumbuka." Alilainisha gauni magotini. "Siwezi kurudi kwenye visanduku, Tuponile. Nilikaa na Ezibon siku kile chake kilipokufa. Aliniuliza mimi ni nani. Sitaki kuulizwa tena."

Tuponile alimtazama Mwalimu Chengula. Mwalimu akafunga kifungo cha koti la juu.

"Sheria inasema mwenye asili ndiye mwenye neno," Madam aliendelea. "Ile asubuhi ni yako. Ukiiondoa ghalani, ghala litalazimika kuyarudisha mabaki kwa kila mtoto. Siwezi kukuzuia, wala sitakuadhibu ukifanya hivyo. Ila naomba ufikiri kuhusu mama yako. Hapa yuko salama. Ghala lina pacha wake Iringa na mwingine ng'ambo ya ziwa. Mlima huu uungue, mama yako atakaanga maandazi. Wewe uzeeke, atakaanga. Ukiondoa, utamweka wapi? Kichwani huna. Kichwani una njia tu."

Akaondoka kwenda kuwatuliza wazazi. Ubaya wa yote ni kwamba alikuwa amesema kwa upole, na kwamba Tuponile alikuwa amemwelewa. Mama yake milele, bila homa, bila lile juma la mwisho hospitalini. Na watoto wengi kiasi kile wakimpenda. Ni nani aliyewahi kupata msiba wenye faida namna hiyo?

"Kuna kisanduku kimoja," Mwalimu Chengula alisema bila kugeuka. "Kilisahaulika stoo. Mimi kwa sasa ninatazama ukuta huu, ambao una ufa wa kuvutia."

"Kinafanya kazi?"

"Kimekaa kwenye unyevu. Kinaweza kushika leo na kuachia mwaka ujao. Kinaweza kuachia kesho. Na ujue kikishajua kichwa kimoja hakitakubali kingine."

*

Alipotoka kwenda stoo alimkuta mtu ameketi kwenye ngazi za mlango. Alikuwa njuka mdogo kuliko wote, Sekela Mwaipaja, soksi zimevutwa hadi magotini, hana hotipoti.

"Dada Tupo, shikamoo."

"Marahaba. Mbona huli kuku wa watu?"

"Shangazi hakuja." Sekela alisogea kumpa nafasi ya kukaa. "Mlango haukufungika. Nimesikia."

"Umesikia kiasi gani?"

"Chote. Wewe ukiondoa, wenzangu watarudishiwa mama zao." Aliongea kama anayesoma swali la mtihani kwa uangalifu kabla ya kulijibu. "Mimi nitarudishiwa nini?"

Tuponile alikaa. Alijua, na alitamani asijue. "Ulipokuwa unakariri siku ile, ulimwaza nani?"

"Sikumwaza mtu. Mama alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Niliwaza nisikosee maneno."

"Basi kwenye mabaki yako kuna maneno tu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Sekela aliinamisha kichwa, akakubali. Kule uwanjani mwanamume mmoja alikuwa anapaza sauti kwamba atamwita mwanasheria. Mwanawe alikuwa anampigapiga mgongoni, kumliwaza, jinsi mtu anavyomliwaza mgeni aliyepotelewa na mzigo.

"Wiki iliyopita nilipata sifuri ya hesabu," Sekela alisema. "Nikafungua dawati. Akacheka. Si kunicheka mimi, ni vile anavyocheka akikosea wimbo. Nikaona sifuri si kitu."

"Ni mama yangu, Sekela."

"Najua. Sijakataa. Nasema tu kwamba ni wangu pia."

Tuponile aliokota kijiwe kwenye ngazi, akakitupa uwanjani.  

"Usimwondoe," Sekela alisema. "Au kama lazima, nipe mimi kisanduku. Wewe ulikuwa naye kweli. Ulikuwa naye miaka yote ile. Mimi nina tangu Januari."

Lilikuwa jambo la haki. Hilo ndilo lililokuwa baya. Tuponile aliligeuza upande huu na upande ule akitafuta mahali lilipopinda, na halikupinda popote. Wazazi wale wangepata watoto wao, Sekela angepata mama, na yeye Tuponile angepata kubaki na sifa ya kuwa mtu mwema, pamoja na njia kichwani inayokwenda mahali pasipo na mtu.

"Siwezi," alisema.

 Sekela aliitikia kwa kichwa, kama mtoto aliyeambiwa jikoni kwamba chakula cha pili kimekwisha.

"Sawa, dada."

Angetukana ingekuwa nafuu.

*

Kilichofuata kilikuwa kifupi na hakikuwa na fahari yoyote. Tuponile alikivaa kisanduku kwa utepe wa zamani uliotoa harufu ya jasho la mtu mwingine. Mwalimu Chengula aliendelea kuchunguza ufa wake. Asubuhi ya nyumbani ilihama kutoka ghalani, moshi, kuku, kidole gumba, wimbo, na kwa muda mfupi katikati ya safari haikuwa kokote, na Tuponile alisimama katika chumba kile cha baridi kama mtu asiyezaliwa na yeyote. Kisha taa ndogo ya kijani ikawaka. Akaweka kiganja kwenye kioo na kuthibitisha kufuta. Ghala likaacha kunguruma, likameza mate, likaanza tena.

Jumatatu baada ya paredi shule nzima ilivaa tepe.  Halafu Lusajo wa masikio makubwa akaanza, kwa sauti nyembamba, na aliyekuwa karibu naye akadakia, na kabla matroni hajafika kidato kizima cha kwanza kilikuwa kinalia kwa sauti zote alizowahi kuumba Mungu, kila mtoto akimlilia mtu wake. Kilio kile kilidumu siku nyingi. Wawili waliruka ukuta. Sukari ikaanza kuibwa. Madam Kyando alipita katikati yao akiwa ameshika vitambaa vya pua, hakumsemesha Tuponile, na wala hakumwadhibu, kama alivyoahidi.

Sekela hakulia. Dawati lake lilikuwa zuri, lina masomo yote na ratiba. Ila kichwani mwake njia ilikuwa imebaki. Ilianzia pale mama anapoanzia, na haikufika popote ghalani, na kwa kuwa njia lazima ifike mahali, ilifika kwa Tuponile.

Hivyo alikuwa anamtafuta kila asubuhi kwenye foleni ya uji.

"Dada Tupo, shikamoo. Mama ameamkaje?"

Mara ya kwanza Tuponile alidhani ni kijembe, na angekiheshimu kama kijembe. Hakikuwa. Mtoto alikuwa anauliza hali ya mtu. Basi akamjibu, naye kila siku akawa anajibu: ameamka salama, leo alikosea wimbo mahali papya, mafuta nusura yamrukie tena. Sekela alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akapokea uji wake. Baadaye aliomba aigiziwe ile sauti, na Tuponile akaigiza, kidogo tu, huku amejificha nyuma ya kikombe.

Mengine hakumwambia. Hakumwambia kwamba analala na kisanduku kifuani, ndani ya soksi, ndani ya soksi nyingine. Kwamba taa ya kijani ilianza kugeuka njano ukungu ulipoingia bwenini, na kwamba alikuwa anaipasha moto kwa kuihemea. Kwamba Mwalimu Chengula alikwisha kumpa ushauri wa mwisho, yaani airudishe asubuhi yake ghalani kabla kisanduku hakijazima, na kwamba alikuwa amefika mara mbili hadi mlangoni, akausikia ule mngurumo wa kuridhika, akarudi.

Asubuhi moja ya masika ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba foleni ya uji ilikuwa sauti tu na vikombe. Tuponile alikuwa amevaa utepe kabla ya kengele. Taa ilisita, ikapata njano, ikaipoteza. Alibonyeza tena. Aliihemea, akaifuta, akabonyeza. Kisha alikaa kitandani akiwa na kipande chake cha sabuni ya mche mkononi, akijaribu kujikumbusha kilichokuwamo. Alijua kulikuwa na mtu. Alijua alikuwa anafanya jambo fulani kwa mikono.

"Dada Tupo, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama ameamkaje?"

Nyuma yao foleni ilisogea hatua moja. Mpishi aligonga upawa kwenye sufuria.

"Salama," Tuponile alisema. "Anakusalimia."

Uso wa Sekela ulifunguka wote. Hakuwahi kutumiwa salamu kabla ya hapo. Alisogea karibu, akamshika mkono wa sweta, akaongea kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Amesemaje hasa? Niigizie."

Tuponile, aliyeweza kuigiza kila mwalimu wa Ikang'ombe pamoja na kengele yenyewe, alifungua mdomo. Foleni ilisubiri.